Kulipia Mbofyo: Mwongozo Kamili wa Kutangaza Biashara ya Mtwara na Lindi Mtandaoni

Kosa ninaloliona zaidi kwa wafanyabiashara wa huku Kusini si la ufundi. Mtu anabangua korosho nzuri Mtwara mjini, anapiga picha, anabonyeza kitufe cha kukuza chapisho kwenye Facebook, anachagua "Mtwara", analipa elfu ishirini. Wanaoliona tangazo ni majirani zake, ambao nao wana korosho uani. Wanapongeza, wanaweka mioyo, hakuna anayenunua. Yule wa Sinza au Dodoma ambaye angeagiza kilo mbili kwa basi hakuliona kabisa.

Matangazo ya kulipia mbofyo yana utaratibu mwepesi kueleza: tangazo lako linaonekana bila malipo, na unatozwa pale mtu anapolibofya. Si jambo jipya. Kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com ilianza kuuza nafasi hizi kwa mnada mwaka 1998, Google ikafungua AdWords mwaka 2000, na tangu 2018 huduma hiyo inaitwa Google Ads. Kwako wewe maana yake ni kwamba kila mbofyo ni bidhaa unayoinunua. Kabla ya kununua, jua mambo mawili: ni mbofyo wa nani, na wewe unaweza kuulipia shilingi ngapi bila kula mtaji.

Mnada wa Google si kama wa korosho

Kila mtu anapotafuta kitu Google, mnada unafanyika papo hapo kati ya waliotangaza kwa maneno yale. Watu wa Mtwara na Lindi minada wanaijua; msimu ukifika kila mmoja anafuatilia vyama vya ushirika, TANECU wameuza bei gani na RUNALI wamepata ngapi. Lakini huko, mwenye bei kubwa ndiye anayechukua mzigo. Google hupima bei yako pamoja na ubora wa tangazo. Kila neno ulilochagua hupewa alama kati ya 1 na 10, kwa kuangalia mambo matatu: uwezekano wa watu kulibofya tangazo, tangazo kuendana na kilichotafutwa, na ukurasa anaofikishwa mtu ukoje. Tena hulipi bei ya juu uliyoweka, unalipa kiasi kinachotosha kuishika nafasi uliyopata. Ndiyo maana loji ya vyumba sita yenye ukurasa safi inaweza kukaa juu ya hoteli yenye fedha nyingi.

Hesabu ya daftari kwanza

Usifungue akaunti yoyote kabla ya kufanya hesabu hii. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, weka zako.

Tuseme unauza korosho zilizobanguliwa, na kila kilo inakubakishia faida ya 6,000 baada ya kutoa mfuko, lebo na nauli ya kifurushi. Mteja wa kawaida anaagiza kilo mbili: faida 12,000. Katika mibofyo mia, tuseme watatu wananunua. Hiyo ni 36,000 kwa mibofyo mia, yaani shilingi 360 kwa mbofyo. Hapo ndipo ukomo ulipo. Ukilipa 360 umefanya kazi bure. Mimi hushauri kuanza na nusu, 180.

Sasa chukua loji. Chumba ni 40,000, na baada ya usafi, umeme na chai ya asubuhi inabaki 25,000. Mgeni analala siku mbili: 50,000. Kati ya mibofyo mia wakaja wageni wanne, ni 200,000, kwa hiyo ukomo ni 2,000 kwa mbofyo na wa kuanzia 1,000.

Umeona tofauti. Mwenye loji anaweza kushindana Google bila hofu. Mwenye korosho za kilo mojamoja atapata tabu huko, isipokuwa awe na wateja wanaorudi. Mteja akinunua mara tatu kwa mwaka, faida yake si 12,000 tena bali 36,000, na ukomo wako unapanda mara tatu. Mwenye duka Dar es Salaam anayechukua kilo ishirini kwa mkupuo ni hesabu nyingine kabisa. Kwa hiyo andika daftarini nani anarudi. Bila kumbukumbu hiyo utakuwa unakadiria bei ya mbofyo kwa macho.

Google au Facebook?

Google inakuletea mtu ambaye tayari anatafuta. Facebook na Instagram zinakuletea mtu aliyekuwa anaangalia mambo yake, ukamkatiza. Anayeandika "lodge mtwara" saa mbili usiku huenda yuko ndani ya basi na anataka kitanda leo. Huyo mnunue Google. Korosho, vinyago vya Kimakonde, mafuta ya nazi na ufuta uliosafishwa ni vitu ambavyo watu wengi hawavitafuti mpaka wavione. Hivyo anza navyo Facebook na Instagram. Fundi friji, gari la kukodi, zahanati, duka la vipuri: Google. Saluni: wala usilipe kwanza, fungua Wasifu wa Biashara wa Google, ambao ni bure na unakuweka kwenye ramani. Kwa kweli kila mwenye mlango wa duka aufungue huo kabla ya kulipia hata mbofyo mmoja.

Mbofyo unaangukia wapi?

Mtu akibofya lazima afike mahali panapomjibu. Si lazima tovuti ya mamilioni. Ukurasa mmoja unatosha, mwepesi, kwa sababu mteja anatumia bando na huenda yuko sehemu mtandao unasuasua. Ukurasa huo uwe na bei, picha halisi, mahali ulipo, namna ya kulipa na mzigo unavyosafiri. Bei iandikwe. Ile tabia ya "njoo inbox" inakugharimu kwa namna isiyoonekana: watu wasioimudu bei yako wanabofya ili wajue tu, na kila mmoja umemlipia.

Kama huna ukurasa, tangazo la Facebook linaweza kumfikisha mtu WhatsApp moja kwa moja. Na hapa kuna mbinu ndogo isiyogharimu chochote. Kiungo cha wa.me kikifuatiwa na namba yako kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari. Tangazo la kwanza liwe na ujumbe "Habari, nimeona korosho za kilo moja", la pili "Habari, naulizia bei ya jumla". Mteja akituma, unajua katoka tangazo gani bila kumuuliza. Kwa biashara ndogo, kipimo hiki pamoja na daftari vinashinda ripoti nyingi zenye michoro.

Namba unazozipata hivyo ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda, na hata kama isingekuwepo, kumwingiza mteja kwenye kundi la WhatsApp bila kumuomba ni njia ya haraka ya kumpoteza.

Kufungua akaunti na kulipa

Unahitaji barua pepe ya biashara na kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki inafaa, na ile ya mtandaoni unayoitengeneza kupitia huduma ya fedha ya simu nayo mara nyingi inakubali. Weka humo kiasi cha tangazo tu, usiunganishe akaunti yenye mtaji wote.

Google, akaunti inapofunguliwa, hukuharakisha uunde tangazo palepale kwa njia ya mkato ambayo mambo mengi wanakuamulia wao. Tafuta kiungo cha kufungua akaunti bila tangazo, kisha uunde mwenyewe kwa utulivu. Kuwa makini na sarafu na saa za eneo, maana ukishavichagua havibadiliki. Utaombwa pia kuthibitisha wewe ni nani. Jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho au cheti cha BRELA unachowasilisha.

Bajeti inawekwa kwa siku, na hapa wengi hushtuka. Ukiweka 5,000 kwa siku, Google inaweza kutumia hadi mara mbili, yaani 10,000, siku ambayo watafutaji ni wengi. Kwa mwezi mzima lakini haivuki mara 30.4 ya bajeti ya siku, ambayo hapa ni 152,000. Basi panga kwa mwezi, usihukumu kwa siku moja.

Maneno: hapa ndipo fedha inapookolewa

Chukua karatasi uandike mteja wako anavyoandika yeye, si unavyojiita wewe. Kibao chako kinasema "Nyumba ya Kulala Wageni", lakini mtu kwenye simu anaandika "lodge mtwara", "gesti mtwara mjini", "lodge nzuri masasi bei nafuu", na wageni wa kampuni za gesi wanaandika Kiingereza. Yote yaingie.

Google ina namna tatu za kulinganisha maneno. Ukiandika neno wazi bila alama, itakupeleka hata kwenye utafutaji wenye uhusiano wa mbali. Ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, utafutaji lazima ubebe maana ya maneno hayo. Ukitumia mabano ya mraba, unabana zaidi. Kwa bajeti ndogo anza na alama za kunukuu na mabano ya mraba. Neno wazi waachie wenye fedha za kujaribia.

Kisha tengeneza orodha ya maneno unayoyakataa, yaani ukimwona mtu ameandika hivi, tangazo lisitokee. Kwa biashara za Kusini orodha hii ni muhimu kuliko ile ya kwanza. Fikiria neno "korosho". Kuanzia Oktoba minada inapoanza, maelfu ya wakulima wanatafuta bei ya korosho ghafi. Wanaandika "bei ya korosho leo", "mnada wa korosho Newala", na hawana haja kabisa na pakiti yako ya gramu 500. Ukiweka "bei ya korosho" bila kinga, utawalipia mibofyo wauzaji wa korosho ukiwa unatafuta wanunuzi. Kataa: mnada, ghafi, leo, TANECU, MAMCU, RUNALI, AMCOS, stakabadhi, salfa, miche, mbegu, pembejeo. Ongeza ajira, kazi, nafasi, picha, PDF. Kila umbo la neno uliandike peke yake, kwa sababu upande wa kukataa Google haikisii visawe: ukikataa "ajira", "kazi" bado inapita.

Upande wa malazi mtego uko kwenye majina ya mahali. Mwenye loji Kilwa Masoko akitangaza kwa neno "lodge kilwa" atavuna wanaotafuta loji Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, Mbagala huko. Shangani ipo Mtwara na ipo Mji Mkongwe, Zanzibar. Mikindani yetu ina mwenzake Mombasa. Lindi ni mkoa, na pia ni jina la mtaa Dar. Mtama, ule mji wa njiani kutoka Lindi kwenda Masasi, Google inaweza kukuunganisha na watu wanaotafuta nafaka ya uji. Kwa kila jina la mahali unalolitumia, litafute mwenyewe kwanza uone linaleta nini, kisha kataa "road", "barabara", "mbagala", "zanzibar", "mombasa", "uji", kadiri inavyokuhusu.

Wanunuzi wa jumla ni watu wengine, na msamiati wao ni mwingine: W240 na W320 (madaraja ya ukubwa wa korosho), vipande, tani. Wapangie kundi lao la maneno na tangazo lao. Ukiwachanganya na wa pakiti ndogo hutajua nani analipa gharama za nani.

Mahali na lugha

Mipangilio miwili inayokuja ikiwa imewashwa tayari inakula fedha kimyakimya. Wa kwanza ni wa mahali: Google inaonyesha tangazo kwa walioko eneo ulilochagua pamoja na wenye shauku nalo. Unaweza kubadili kwenda chaguo lenye neno Presence pekee, yaani waliopo hapo kweli. Lakini fikiri kidogo kabla ya kubadili, kwa sababu mgeni wa loji yako leo yuko Dar au Songea na anatafuta Mtwara. Njia iliyo safi ni kuchagua Tanzania nzima na kuacha maneno yako, yenye jina la mji ndani yake, yafanye kazi ya kuchuja. Fundi friji wa Chuno afanye kinyume: achague Mtwara mjini, waliopo tu.

Wa pili ni mtandao wa maonyesho, wenyewe wanauita Display Network, ambapo tangazo lako la utafutaji linasambazwa hata ndani ya magemu na tovuti za habari. Zima.

Kwenye lugha, acha zote. Simu nyingi hapa zimewekwa Kiingereza ingawa mwenyewe anatafuta kwa Kiswahili, na ukibana lugha unawafungia nje.

Kuandika tangazo lenyewe

Google inakupa vichwa hadi 15, kila kimoja herufi 30 pamoja na nafasi, na maelezo manne ya herufi 90. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo hesabu. "Nyumba ya Kulala Wageni Mtwara" ni herufi 30 kamili, na bado hujasema lolote la kumvuta mtu. "Loji Mtwara, Vyumba 40,000/-" ni 28, na imetaja kitu, mahali na bei. Andika vichwa kama nane hivi vinavyosema mambo tofauti: bei, mahali, maegesho, jenereta, karibu na stendi, unavyolipa. Usirudie "bora" na "nzuri" mara tano. Kila mtu ni bora huko.

Kwa vyakula, acha madai ya tiba. Korosho inayotibu kisukari itakataliwa na wakaguzi wa Google na Facebook, na akaunti inaweza kufungwa. Alama ya TBS itaje kama unayo cheti chake mkononi.

Upande wa Facebook na Instagram

Achana na kile kitufe cha kukuza chapisho. Ingia sehemu kamili ya kusimamia matangazo, ambako unaweza kuchagua lengo. Kwa muuza korosho lengo ni mazungumzo ya WhatsApp, si likes. Chagua Dar es Salaam, au Dodoma, mji mmoja kwanza, na umri wa watu wenye kipato chao. Video fupi ya mikono inabangua, iliyopigwa kwa simu kwenye mwanga wa asubuhi, kwa maoni yangu inauza kuliko bango lililopambwa rangi kumi.

Mfumo wao unahitaji muda wa kujifunza, na wenyewe huutaja kuwa kama matokeo 50 ndani ya wiki. Bajeti ndogo haifiki hapo haraka. Basi usigawanye 7,000 yako kwa siku kwenye makundi matano. Weka kundi moja lenye matangazo mawili au matatu na uliache. Anayeshika mipangilio kila asubuhi anaanzisha upya somo lile lile.

Tena soma safu sahihi kwenye ripoti. Ipo inayohesabu mibofyo yote, na humo mtu aliyebonyeza kuona picha au kusoma zaidi kahesabiwa. Wewe angalia mibofyo ya kiungo, au mazungumzo yaliyoanzishwa. Na kumbuka Facebook mara nyingi inakutoza kwa tangazo kuonekana. Bei ya mbofyo unayoiona ni mgawanyo tu, ila hesabu yetu ya mwanzo inatumika vilevile.

Wiki za kwanza

Google ukianza, chagua mkakati wa kupata mibofyo mingi lakini weka kikomo cha bei ya mbofyo, ile nusu uliyoipata daftarini. Bila kikomo mfumo hauna aibu. Kila baada ya siku mbili fungua ripoti ya yale ambayo watu waliyaandika kweli, yaani Search terms, si orodha yako. Hapo ndipo utawakuta wa mnada wa Tandahimba na wa Mombasa. Wakatae, endelea.

Mibofyo ikifika mia, rudi kwenye daftari uweke tarakimu za kweli. Kama wengi wanabofya na hakuna anayeandika ujumbe, kasoro iko kwenye ukurasa au bei. Wakiandika na hawanunui, angalia nani anajibu simu na baada ya muda gani. Mteja wa WhatsApp aliyejibiwa kesho ameshanunua kwingine. Na kama hakuna anayebofya, tangazo halivutii au maneno hayana watafutaji. Huku kwetu hilo la mwisho linatokea sana: utafutaji wa huduma fulani Nachingwea unaweza kuwa wa watu wachache kwa wiki, na hakuna bajeti itakayowaongeza. Hapo rudisha fedha kwenye kibao cha barabarani na redio ya mkoa.

Msimu na barabara

Tangazo lisikae mwaka mzima kwa kiwango kimoja. Fedha za korosho zinaingia mikononi mwa watu kati ya Oktoba na mwanzoni mwa mwaka. Muuza bati, pikipiki, samani na simu wa Masasi au Ruangwa aweke nguvu hapo. Mwenye loji Lindi mjini aongeze kuelekea Agosti, maonesho ya Nane Nane ya Kusini yanapokuwa Ngongo. Muuza korosho za zawadi aangalie Ramadhani, Idi na Krismasi, na aanze mapema maana kifurushi kinahitaji kufika.

Barabara nayo ifuatilie. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, tangazo lolote lililoahidi mzigo kesho yake lilikuwa linanunua malalamiko. Kitufe cha kusimamisha tangazo kipo, kinafanya kazi ndani ya dakika, na hakikugharimu kitu. Umeme ukikatika siku nzima na wewe huna chaji ya kujibu WhatsApp, kitumie.

Ukimpa mtu mwingine kazi

Vijana wanaojua mambo haya wapo, na si vibaya kuwalipa. Ila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na kadi yako, kisha yeye umpe ruhusa ya kuingia, ambayo siku mkiachana unaiondoa. Akiifungua kwa jina lake, akiondoka anaondoka na kumbukumbu zote za maneno yanayouza, na wewe unaanza kununua upya elimu uliyokwisha kuilipia. Mdai ripoti ya mambo matatu kila wiki: fedha iliyotumika, ujumbe ulioingia, mauzo yaliyotokea. Akianza kukuelezea idadi ya waliofikiwa kabla ya hayo matatu, mwombe namba ya tatu kwanza.